Msiiachie bahari makaburi ya Tongoni

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyinyi mliopewa dhamana ya malikale, ya fukwe, ya mikoko na ya Jiji letu la Tanga. Sikuchagua mmoja wenu kwa jina, kwa sababu jambo lenyewe halimo mikononi mwa mmoja. Ufa wa kaburi ni kazi ya watu wa malikale, mkoko ulio mbele ya kaburi ni wa watu wa misitu, maji yanayolipiga ni ya watu wa bahari, na mchanga unaochotwa ufukweni una wenyewe wengine. Kila tulipobisha hodi tulielekezwa mlango wa pili. Basi leo barua iwe moja, muisome pamoja.

Mimi ni mzaliwa wa Tongoni, kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi na mihogo, kando ya barabara ya kutoka Tanga kwenda Pangani, mwendo usiozidi kilomita 20 kutoka mjini. Baba yangu alikuwa fundi wa ngalawa. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa miongoni mwa wanawake waliofagia makaburini. Hakuajiriwa na mtu, wala hakulipwa. Alifagia kwa sababu mama yake alifagia.

Nilikuwa na umri wa miaka saba au minane aliponichukua mara ya kwanza. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, umande haujakauka. Alibeba ufagio wa chelewa kwapani, na mimi nikabebeshwa chetezo na kifundo cha ubani. Tulipofika alianza kufagia majani ya mbuyu bila kusema neno, akimaliza kaburi hili akienda lile, akiinama na kuinuka, mpaka akafika kwenye moja lenye nguzo ya mawe. Hapo akasimama, akaniita: "Hebu weka mkono humu, mjukuu wangu."

Ilikuwa tundu la duara kwenye nguzo, pana kama kawa la kufunikia mchuzi. Niliingiza mkono. Ndani chokaa ilikuwa laini, tofauti kabisa na nje palipokwaruza, na nilipopitisha kidole pembeni nikaugusa mstari mwembamba uliozunguka tundu zima. Bibi akaniambia hapo palikaa bakuli, bakuli la kaure lililotoka China. Waliojenga walilibandika chokaa ikiwa bado mbichi, na chokaa ilipokauka ikashika umbo lake. Bakuli liling'olewa zamani, kabla hata yeye hajazaliwa. Ule mstari ni ukingo wa bakuli. Mpaka leo nikikunja ngumi nausikia kwenye ncha ya kidole.

Nimeanza na hilo makusudi. Watu wengi wanaofika pale, na wengine wao wana vyeo, huona mawe. Huuliza "magofu yako wapi?", hupiga picha, hugeuza gari. Sisi tunaloliona ni kaburi. Aliyelala pale alikuwa na jina, alikuwa na wana, na wana wake walikuwa na uwezo wa kununua chombo kilichovuka bahari mbili wakakitia kwenye kaburi la mzee wao wakakiacha huko.

Yako makaburi zaidi ya 40 katika eneo lile, na msikiti wa kale ambao kuta zake bado zinasimama kwa sehemu, mihrabu yake ikielekea kaskazini kama ya misikiti yetu yote ya pwani. Wanaakiolojia wanapahesabu Tongoni kuwa miongoni mwa sehemu zenye makaburi ya nguzo mengi zaidi katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Zilizolala chini zimelala vipande vipande, na mtoto asiyeambiwa hudhani ni magogo ya mawe ya kukalia.

Jina lenyewe la Tongoni linatokana na tongo, yaani mahame, mahali palipowahi kukaa watu wakaondoka. Ina maana kwamba mji uliojenga msikiti ule ulikwisha kufa wakati wazee wetu wa karibu walipokuja kujenga vibanda vyao kando yake. Jina kubwa la zamani la nchi hii ni Mtang'ata. Na Mtang'ata imeandikwa katika habari za dunia tangu mwaka 1498, mwezi wa Aprili, pale merikebu za Vasco da Gama zilipopita hapa zikielekea Mombasa. Mojawapo, São Rafael, ilikwama kwenye mwamba maji yalipokupwa. Wareno wakangoja maji yajae. Wakati wakingoja, wenyeji waliwaendea na vyombo vyao vidogo, kimojawapo kimejaa machungwa, na mwandishi wa safari ile akaandika kwamba yalikuwa bora kuliko ya kwao Ureno. Milima waliyoiona kwa mbali, yaani Usambara yetu, wakaipa jina la merikebu yao. Januari 1499, wakirudi kutoka India, mabaharia wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa kiseyeye na hawakutosha kuendesha merikebu tatu. São Rafael ikachomwa moto hapa hapa, kwenye maji yetu.

Nikilisoma hilo la machungwa hunijia furaha ambayo siwezi kuificha. Leo mtu wa Tanga akifika Dar es Salaam na kutaja kwao, jambo la kwanza huulizwa kama amekuja na machungwa. Ya Muheza yanajaza malori kila msimu. Kumbe zaidi ya miaka 500 iliyopita mtu wa pwani hii alikwisha kumkaribisha mgeni aliyekwama mwambani kwa tunda hilo hilo.

Baadaye, katika karne ya 18, walifika watu kutoka Kilwa wakapakalia mahame haya, wakapaita Sitahabu. Mwaka 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita, alikuta magofu. Kwa hiyo palipo na makaburi haya watu wamekuja, wakakaa, wakaondoka, wakarudi tena, na kila waliorudi waliwaheshimu waliolala pale. Hawakuvunja nguzo wakajengea majumba. Ningependa sisi tusiwe wa kwanza kushindwa.

Sheria haijashindwa, hilo nalikiri. Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 inalinda jengo lolote lililosimamishwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na makaburi yetu yana umri uliopita hapo kwa mamia ya miaka. Mtu akikamatwa anavunja, kuna mahakama. Ila bahari hakuna anayeweza kuikamata.

Mkitaka kuielewa hali yetu, njooni wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, na hasa bamvua ikikutana na upepo wa kusi. Kipande cha ardhi tulichochezea mpira tukiwa watoto leo ni maji. Minazi iliyokuwa imesimama imara imelala kifudifudi ufukweni, mizizi juu. Wimbi halivunji ukuta kwa siku moja. Hupiga chini, huchota udongo ulio chini ya msingi kidogo kidogo, kama mtu anayekula ugali kwa kuanzia pembeni. Juu kaburi linaonekana zima, kumbe chini limebaki linaning'inia. Siku likianguka, watu husema limeanguka leo. Lilianza kuanguka miaka mingi iliyopita.

Na sababu si bahari peke yake. Kina cha bahari kinapanda duniani kote, nasi hatuwezi kukizuia kutoka Tongoni. Lakini mikoko tunaiona ikikatwa kwa macho yetu. Katika mikoko, mlilana ndio unaotangulia mbele kabisa kupokea wimbi, nyuma yake husimama aina nyingine, kama msinzi na mkandaa. Ukiondoa wa mbele, wa nyuma hawakuumbwa kwa kazi hiyo, hufa wenyewe. Hata hivyo nguzo za mikandaa hupita usiku kwenda kujengea, na kuni za mikoko hupita mchana kwenda kuchomea. Siwezi kuwatupia wageni lawama hiyo yote, baadhi ya wanaokata ni ndugu zangu, na nimewahi kugombana nao. Kisha kuna mchanga. Nimesimama mimi mwenyewe barabarani alfajiri nikahesabu malori yakitoka ufukweni yamejaa mchanga, yakivuja maji ya chumvi njia nzima. Niliuliza kibali. Dereva akaniambia nimuulize tajiri, na tajiri hakuwepo. Mchanga ule ndio godoro la ufuo. Wimbi lilipaswa kufia pale kabla halijafika kaburini.

Iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Sisi tulio hai tukiambiwa tusogee nyuma, tutasogea, kwa shida lakini tutasogea. Waliolala pale hawana pa kusogea, na wakati wanazikwa bahari haikuwa hapo ilipo. Kwa hiyo ni juu yetu kuusogeza ulinzi uwafuate walipo.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni la mkono utakaotengeneza.

Nyumba ya babu ilikuwa ya mawe ya matumbawe, imejengwa kwa chokaa. Ukuta wake wa upande wa bahari ulipoanza kumomonyoka, baba na amu zangu walichanga fedha wakanunua saruji, wakapiga lipu nzito, nyeupe, inapendeza. Tulishangilia. Mvua ya masika ya kwanza ikapita salama. Ya pili, lipu ikaanza kutoa sauti ya uwazi ukiigonga. Ya tatu, bao zima likadondoka, na nyuma yake jiwe lilikuwa limekuwa unga. Babu hakuwa mtu wa kulaumu, ila alichukua ule unga akausugua viganjani akasema jiwe hili hupumua, nyinyi mmeliziba pua. Sasa ninaelewa kwa nini. Tumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa nayo huuachia unyevu utoke. Saruji haiachii. Chumvi hubaki ndani, hukauka, huvimba, hupasua jiwe kutoka tumboni.

Watu wa kwetu walikuwa wakijua kutengeneza chokaa, na baba alinionyesha tanuu lake la mwisho. Magogo hupangwa kwa duara, la juu yake likipishana na la chini, katikati huachwa tundu la kuwashia. Juu hupangwa mawe ya tumbawe, makubwa katikati, madogo pembeni. Moto huwashwa jioni upepo ukiwa umetulia, kwa sababu upepo ukivuma upande mmoja tanuu hulala, na likilala nusu ya mawe hayaivi. Asubuhi hukuta kichuguu cheupe kinachofuka. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Chokaa humwagiwa maji, huchekechwa, huachwa shimoni miezi, na fundi mzuri hujua imeiva kwa kuipaka kwenye ukucha. Baba alitumia magogo ya minazi iliyokwisha kuzaa, na mawe ya kuchimba nchi kavu, siyo ya baharini, kwa sababu alisema anayevunja mwamba wa baharini anavunja nyumba ya samaki wake mwenyewe.

Wanaokumbuka kazi hiyo kijijini kwetu wamebaki wachache, na ni wazee. Ikifika siku mtakapotaka kushika nguzo isianguke, msilete lori la saruji. Waulizeni hao kwanza, wawekeni vijana wanne watano chini yao, muwalipe wazee kama walimu na vijana kama mafundi. Kazi ya kaburi moja itakuwa imewapa watu ujuzi wa makaburi 40.

Wala hilo si ndoto. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na moja ya sababu ilikuwa bahari hii hii. Mwaka 2014 zikatolewa hatarini. Katikati ya miaka hiyo ufuo ulikingwa, mikoko ikapandwa, na watu wa visiwani wakashirikishwa katika kazi ya kutengeneza kuta. Walikuwa wavuvi kama sisi. Sisi hatudai hadhi ya Kilwa. Tunaomba njia iliyofaa kule ijaribiwe huku, hata kwa udogo wake.

Na hapa nina swali ambalo sijawahi kupata wa kunijibu. Serikali imetuamini kwa samaki. Kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 tuna vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufukwe, yaani BMU, tunasimamia diko, tunaandika samaki walioshushwa, tunakamata nyavu haramu, na katika pwani hii ambako baruti za kuvulia samaki zilikuwa zikilia mpaka watoto wakaacha kushtuka, wavuvi wenyewe walisimama wakawataja wapigaji. Serikali imetuamini kwa misitu pia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inafungua mlango wa wanavijiji kusimamia msitu pamoja na serikali. Basi kwa nini tumeaminiwa changu na pono, tukaaminiwa mkandaa, lakini tusiaminiwe kaburi la babu zetu? Pale makaburini sisi ni watazamaji. Mgeni akija hulipa langoni, nami sijawahi kusikia katika mkutano wowote wa hadhara ikisomwa taarifa ya fedha hiyo, imekuwa kiasi gani, na imerudi kufanya nini. Huenda ni kidogo sana. Kingesomwa hicho hicho kidogo, watu wangekaa chini na kukipangia.

Ninachoomba ni kamati ya pale pale, inayotambuliwa kwa maandishi, yenye wazee wa msikiti, wavuvi, mafundi na wanawake. Wanawake nawataja kwa mkazo. Wao ndio waliofagia. Wao ndio wanaojua lipi huendewa na aliyekosa mtoto, lipi huendewa na anayesafiri, na lipi halisogelewi na mwenye hasira. Sijui kama nyote mnakubaliana na nadhiri na ubani, na hata hapa kijijini wapo masheikh wanaokataza, tunaheshimiana. Lakini hakuna anayeweza kukataa kwamba pale penye ubani majani yalifagiwa na mizizi ya mti iling'olewa ingali midogo kabla haijapasua ukuta. Mzizi wa mtini ukiingia kwenye ufa, miaka kumi baadaye huutoi bila kubomoa. Bibi aliutoa kwa vidole viwili.

Kuna kitu kingine kinachoondoka kwa kasi kuliko hata udongo. Lugha ya wazee wetu ni Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili yenye matamshi na maneno yake, na mwaka 1956 mtaalamu W. H. Whiteley aliichapishia utafiti. Siku hizi kijana wa hapa akiongea hivyo mjini huchekwa, kwa hiyo haongei. Na katika lugha hiyo ndimo mlimo majina ya miamba, ya mikondo, ya pepo ndogo ndogo zinazokuja kati ya kusi na kaskazi, majina ya kila kiungo cha ngalawa kuanzia omo hadi tezi. Mwamba ulioikwamisha São Rafael bila shaka ulikuwa na jina midomoni mwa wale waliopeleka machungwa.

Miaka iliyopita walikuja watu wenye vinasa sauti. Walikaa na bibi siku tatu. Aliwapikia wali wa nazi na pweza, akawaimbia, akawatajia makaburi moja baada ya jingine kama anayetaja majirani zake. Waliahidi kurudisha nakala. Aliuliza habari ya nakala hiyo mpaka mwaka aliofariki. Alidhani labda amesema jambo baya ndiyo maana hawakurudi. Popote sauti ile ilipo, katika kabati la chuo au katika kompyuta ya mtu, naomba irudi. Na kuanzia sasa, kila kibali cha utafiti mnachokitoa kiwe na sharti kwamba nakala moja inabaki shule ya msingi ya hapa. Sharti hilo halina gharama, linataka mstari mmoja tu katika karatasi mnayoisaini.

Bahari iliyo mbele yetu imepewa heshima, nalo nawashukuru. Tangu mwaka 2009 tumo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, inayofuata pwani kwa kilomita zipatazo 100. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu wa dunia waliamini ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na baadaye nyavu za wavuvi wa pwani hii ya Tanga nazo zikaanza kumtoa. Samaki yule amewaleta wataalamu, boti za doria na mabango. Ninachowaomba ni kwamba boti inayopita kuwaangalia samaki ipunguze mwendo inapopita Tongoni, na mtumishi mmoja ashuke na kamba ya kupimia. Apigilie vigingi kati ya ukuta wa mwisho na maji, aje tena baada ya kila kusi, aandike. Leo tukibishana juu ya kasi ya mmomonyoko, kila mtu ana kumbukumbu yake. Vigingi vikiwepo hatutabishana.

Barabara nayo inajengwa. Lami ya Tanga kwenda Pangani itapunguza mwendo, na bandari na bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani vinaleta watu wengi Tanga kuliko tulivyowahi kuwaona. Wataleta fedha, na baadhi yao watataka viwanja vya kutazamana na bahari. Naomba mipaka ya eneo la makaburi ipimwe upya na kuwekewa alama sasa, kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa, na ichukue pia ule ukanda wa mikoko mbele yake. Baada ya hapo itakuwa kesi, na kesi za ardhi mnazijua zinavyokwenda.

Mwaka juzi tulifika katika ofisi moja tukiwa watu wanne na barua iliyosainiwa na wazee 31. Tulipokelewa vizuri, tukapewa viti. Tukaambiwa mhusika yuko safarini, tuje Jumatatu. Jumatatu tukaja. Nakumbuka mzee mmoja wetu, mvuvi aliyeacha maji mazuri siku hiyo ili asafiri, alivyoikunja nakala yetu mara nne akaitia mfukoni mwa kanzu. Sikuandika haya ili mtu aadhibiwe. Nataka mjue kwamba tulikuja kwa njia ya kawaida kwanza, kwa adabu, kabla ya barua hii ya wazi.

Sisi wenyewe hatukukaa bure. Vijana wa kijijini wamekubali kupanda miche ya mlilana na msinzi kwenye tope la mbele, na wameanza kukusanya mbegu zinazoletwa na maji. Tunajua miche mingi hufa ikipandwa mahali pasipofaa, kwa hiyo tunahitaji mtu wa misitu atuonyeshe mstari. Mafundi wawili wa chokaa wamekubali kufundisha. Mmoja ana macho mabovu, atafundisha kwa kugusa. Wanawake wanaendelea kufagia.

Njooni nyote siku moja, siyo kwa zamu. Msije maji yamekupwa, mtadanganyika kuwa ufuo ni mpana. Njooni siku ya bamvua, mfike mapema kabla maji hayajajaa, muone wenyewe mpaka yanapofika. Gari likiacha barabara kuu muulizeni mtoto yeyote njia ya makaburini, atawapeleka. Tutawangoja chini ya mbuyu na kahawa. Nitawaonyesha ile nguzo yenye tundu, na kila mmoja wenu nitamwomba aingize mkono.

Wenu katika kulinda,

Mjukuu wa mfagiaji,
Tongoni, Tanga